Namna ya kuandaa mchezo wa Abushiri Bagamoyo bila kuwaficha watumwa wake: mwongozo kamili

Niliwahi kuongoza mchezo wa vita vya Abushiri, kiongozi wa watu wa pwani waliopigana na Mdachi, yaani Mjerumani, kwenye uwanja wa wazi hapa Bagamoyo. Onyesho lilikuwa linakwenda vizuri mpaka mzee mmoja wa safu ya mbele akainuka na fimbo yake, akasema kwa upole kabisa: "Wanangu, huyo mtumwa mliyempa jina, jina hilo ni la babu yangu. Mlikuja kuniuliza lini?" Tukasimamisha mchezo. Waigizaji wakabaki wameduwaa, mmoja bado ana mnyororo wa maboksi shingoni. Usiku ule sikupata usingizi. Mzee alikuwa na haki yake, na sehemu kubwa ya haya ninayoyaandika imetokana na swali lake.

Mwongozo huu ni wa vikundi vya sanaa, walimu na vijana wa mtaani wanaotaka kupandisha jukwaani mchezo wa zama za Mdachi, iwe Bagamoyo, Pangani au Tanga. Mchezo wa namna hii utazua maneno tu. Jitahidi maneno hayo yawe juu ya jambo lenyewe, watu wasije wakagombana nanyi kwa uzembe wenu.

Kwanza shika tarehe

Vikundi vingi huanza na mapigano, kisha hutafuta historia ya kuyafunika. Anzia upande wa pili. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliikodisha mrima, yaani pwani ya bara, kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kwa miaka 50. Sayyid Barghash alikuwa amefariki mwezi mmoja tu kabla. Tarehe 16 Agosti 1888 maofisa wa kampuni wakaanza kuishika miji ya pwani, na ugomvi wa bendera ukaanza papo hapo: ipi ipepee, ipi ishuke, na nani mwenye amri ya kuishusha. Pangani alikuwepo Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo. Septemba pwani yote ikawaka. Bagamoyo ikashambuliwa tarehe 22 mwezi huo.

Mwaka 1889 akaja Hermann Wissmann na askari wa kukodi, wengi wao Wasudani waliochukuliwa Misri, na wengine waliotolewa Msumbiji. Tarehe 8 Mei 1889 akaivunja boma ya Abushiri jirani na Bagamoyo. Abushiri bin Salim akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani aliendelea kupigana, akasalimu amri mwaka uliofuata.

Hapo kuna kosa moja ninaloliona kila mara. Bagamoyo tuna mnara ufukweni unaoonyesha mahali Wadachi walipokuwa wakinyongea watu, na wageni wengi huondoka wakiamini Abushiri aliuawa pale. Sivyo. Usiuhamishe mti wake wa kunyongea kutoka Pangani ili tu mchezo wako upate mandhari ya karibu. Watu wa Pangani watakuja kutazama, na hawatakusamehe.

Utaambiwa watazamaji hawajali tarehe. Wanajali. Mtu mzima aliyesikia habari hizi kwa bibi yake ataona umekosea mwezi, na kuanzia hapo hatakuamini hata ukisema kweli.

Jua ugomvi wenyewe uko wapi

Mdachi hamgombanishi mtu na mtu. Alikuja na bunduki akachukua nchi, na hilo halina mabishano barazani. Ukumbi hugawanyika anapoingia Abushiri kwa vigelegele, halafu nyuma yake akaingia mtu aliyebeba miwa ya shamba la Abushiri. Maana Abushiri alikuwa na shamba la miwa Pangani, na mashamba ya miwa ya Pangani yalilimwa na watumwa. Wapo watakaokuambia: ukimtaja hivyo unamtukana shujaa. Wapo watakaosema: ukinyamaza unawatukana babu zetu sisi. Wote wawili wamelipa kiingilio.

Njia rahisi ni kuchagua upande. Mimi nakataa, na sababu zangu ziko kwenye kumbukumbu za wakati ule. Januari 1889 bunge la Ujerumani lilipitisha fedha, marki milioni 2, kwa ajili ya vita hivi, na hoja kubwa iliyotolewa ilikuwa kupiga vita biashara ya watumwa. Tazama sasa kilichofuata: Wadachi walitawala mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia bila kuupiga marufuku utumwa katika koloni lao. Walitoa amri kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, basi. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kwa sheria mwaka 1922, Mwingereza akiwa ameshika nchi. Kwa hiyo mtumwa wa shamba la miwa alisimama katikati ya watu wawili, mmoja akimmiliki, mwingine akimtumia jina kuombea fedha, na hakuna kati yao aliyemuuliza neno.

Huyo ndiye mhusika mkuu wa mchezo wako. Mwache Abushiri awe jasiri, kwa kuwa alikuwa jasiri. Mwache awe bwana wa watumwa, kwa kuwa alikuwa. Mtu wa shamba ayaone yote mawili kwa macho yake, kisha aamue usiku ule anapoletewa bunduki apigane upande wa bwana wake. Mandhari hiyo ukiiandika vizuri haihitaji hotuba.

Nenda barazani kabla ya kuandika

Hatua hii ndiyo niliyoiruka, ikanigharimu. Jipe wiki tatu nzima. Usiende na daftari mkononi siku ya kwanza, wala usiende kundi. Nenda na mtu mmoja anayejulikana mtaani, baada ya swala ya alasiri, wakati kahawa inapita. Amkia, kaa, nyamaza. Mazungumzo yatakwenda kwenye bei ya samaki na mvua kabla hayajafika kwako, nawe usiyaharakishe.

Baada ya lile onyesho nilikwenda kwa mzee aliyetusimamisha. Nilimkuta kibarazani anashona juya.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe wa mchezo?"

"Ndiye mimi, babu. Nimekuja kuomba radhi."

Akaendelea kupitisha sindano kwenye matundu ya wavu, kimya, mpaka akamaliza mstari mzima. Kisha akasema: "Radhi umepata. Lakini mimi sikukasirika kwa kuwa mmesema babu yangu alikuwa mtumwa. Alikuwa. Nilikasirika kwa kuwa mlimfanya mjinga, kila akipigwa analia. Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi."

Tangu siku hiyo kila mtumwa ninayemweka jukwaani nampa kazi ya mikono anayoijua kuliko bwana wake.

Bagamoyo si mji unaoogopa habari hii kama watu wa nje wanavyodhani. Sheikh Ramiya, kiongozi mkubwa wa tarika ya Qadiriyya hapa, aliletwa pwani kutoka upande wa Manyema akiwa mtoto, mtumwa. Akasoma, akawa mwanachuoni ambaye mpaka leo watu husafiri kutoka mbali kwa ajili ya maulidi ya zawiya yake. Mji unalijua hilo na unamheshimu. Kinachouma watu ni kutajiwa asili yao na mtu asiyewapigia hodi.

Ukiwa barazani, kubaliana nao mambo matatu. Majina ya koo zilizo hai hayatatumika. Mandhari yoyote inayogusa ibada ataiona maalimu kwanza. Na wazee watakaribishwa kwenye mazoezi, wakae kwenye viti vya mbele, waseme kabla ya siku ya onyesho badala ya katikati yake. Zungumza na akina bibi pia, lakini kwa siku nyingine na uwanja mwingine. Ndio wenye nyimbo, na ndio wanaokumbuka nani alikuwa somo wa nani.

Uandishi

Usiwape wahusika wa 1888 Kiswahili cha taarifa ya habari. Ukitaka kusikia watu wa mji huu walivyokuwa wakiongea na kuishi, soma desturi za Waswahili zilizoandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, zikachapwa mwaka 1903. Humo mna harusi, safari za bara, kodi za wenyeji, adabu za mtumwa na bwana. Vita vyenyewe vimesimuliwa kwa utenzi na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyeishi nyakati hizo. Kwa lugha na hisia hakuna kinachowapita wawili hao.

Mimi hutumia mghani badala ya msimulizi wa kawaida. Anakaa pembeni ya jukwaa, anaghani beti chache kila siku zinapopita, na watazamaji wa pwani huuelewa utenzi bila kuelekezwa. Huu ni ubeti nilioutunga mwenyewe kwa ajili ya kuingia kwa kampuni:

Bendera wakaishusha
na nguzo wakaangusha
mji wakaufedhesha
kwa nguvu na kwa jeuri

Mizani nane kila mstari, vina vitatu vya kwanza sawa, cha mwisho kinabeba utenzi mzima. Hesabu kwa vidole. Mstari mmoja ukizidi mizani moja, yupo mtu uwanjani atakayekohoa.

Kuna maneno makali ya enzi zile: mtumwa, mshenzi, mjoli (yaani mtumwa mwenza), suria. Usiyafute. Muungwana wa mrima alimwita mtu wa bara mshenzi bila kupepesa jicho, na ukimsafisha kinywa umemdanganya mtazamaji. Ila kila neno la namna hiyo liwe na anayelisikia. Likitamkwa, mwelekezo wa mchezo uonyeshe uso wa aliyeambiwa, mtazamaji aone lilipotua.

Dakika 90 zinatosha. Uwanja wa wazi haukai kimya zaidi ya hapo.

Vibali

Anza na Afisa Utamaduni wa wilaya, mapema, ukiwa na muhtasari wa kurasa mbili na andiko kamili. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lilianzishwa kwa sheria ya 1984, nalo ndilo linalosajili vikundi. Na michezo ya jukwaani imetajwa kwenye sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya 1976, kwa hiyo uliza moja kwa moja ni ofisi ipi inataka kuona andiko lako mwaka huu na kwa ada gani. Serikali ya mtaa na polisi wapewe barua. Ikiwa mchezo si wako, pata ruhusa ya mtunzi kwa maandishi. Hakimiliki hapa nchini hudumu miaka 50 baada ya mtunzi kufariki.

Andiko utakalowasilisha liwe lile lile utakalocheza. Ukificha mandhari ngumu ofisini, itakufichukia jukwaani.

Nani amcheze nani

Mdachi achezwe na mwigizaji wetu, uso wake mwenyewe. Acheni habari ya kujipaka unga. Unga huleta kicheko, na Zelewski hakuwa mtu wa kuchekesha. Kofia, buti, mgongo ulionyooka, na Kiswahili kinachotamkwa kwa amri bila salamu vinatosha. Mwigizaji wangu wa mwisho alifanya jambo moja tu: kila alipoingia hakuamkia mtu. Dakika ya ishirini uwanja mzima ulikuwa umemchukia.

Wasudani wa Wissmann ni Waafrika waliokuja kuwapiga Waafrika kwa mshahara. Watu huwaficha hawa, kwa kuwa wanaharibu hesabu ya weusi na weupe. Waonyeshe, na wape mandhari moja fupi usiku wakiwa peke yao, mmoja anashona kifungo, mwingine anauliza mshahara lini.

Anayecheza mtumwa asichaguliwe kwa rangi ya ngozi wala kwa kabila. Nimeshuhudia mwongozaji akipanga hivyo mbele ya kijana mwenyewe, nikaona macho ya yule kijana. Wagawie wahusika kwa kura ya kusoma: kila mtu asome nafasi tatu, kundi lisikilize.

Maleba na vifaa

Hapa ndipo pesa hupotea na makosa huonekana. Kanga zenye majina ya herufi tunazozijua leo ni za baadaye; wanawake wako wavae kaniki, merikani na visutu. Waungwana kanzu, kilemba, joho kwa mwenye nafasi. Mtumwa wa shamba shuka ya merikani kiunoni. Fedha mkononi ziwe reale na rupia za Kihindi. Usitumie Boma la Wadachi la Bagamoyo kama makao yao ya 1888, lile lilijengwa mwaka 1897. Caravanserai, ile nyumba ya zamani ya misafara, na nyumba za mawe za mjini zinafaa kama mandhari, ila ongea na wanaozisimamia, na usipigilie msumari hata mmoja kwenye ukuta wa chokaa na matumbawe. Funga kitambaa kwenye fito zilizosimamishwa kwenye ndoo za mchanga.

Kisha kamba. Kila kikundi huleta kamba ya mkonge, kwa kuwa Tanga imejaa mkonge na kamba yake inajulikana. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, Abushiri akiwa kaburini miaka minne. Tafuta kamba ya makumbi ya nazi kwa watu wa majahazi. Ni nzito, ina rangi ya kahawia, ina vinywele vinavyochoma kiganja, na ikikazwa hutoa mlio wa kukwaruza unaosikika mpaka safu ya nyuma. Mlio ule hakuna kifaa cha sauti kitakachokupa.

Mandhari mbili ngumu

Ya kwanza ni msikiti. Husimuliwa kwamba Pangani watu wa Zelewski waliingia msikitini na mbwa, na jambo hilo liliwachoma watu kuliko kodi na bendera. Usijenge msikiti jukwaani. Usimlete mbwa. Panga makubadhi na mitalawanda, jozi kumi na tano hivi, kwenye ukingo wa jukwaa, vidole vikielekea ndani, kama vinavyoachwa mlangoni. Sauti ya imamu isitumike. Waumini wawe nyuma ya pazia, kimya. Buti ziingie zikanyage viatu vile, polepole, zipite. Mbwa abweke mara moja kutoka gizani. Maalimu aliyekuja kutazama mazoezi yetu alikuwa amejiandaa kukataa. Alikiangalia kiatu kimoja kilichopinduka, akasema: "Hapo msiongeze kitu."

Ya pili ni kitanzi. Shingo ya mwigizaji isiingie kwenye kamba hata kwa mzaha, hata kama kamba imefungwa kwa uzi unaokatika. Hili halina majadiliano. Kamba ishushwe kutoka juu ikiwa tupu. Abushiri avue kilemba, akikunje, amkabidhi yule mtu wa shamba la miwa, atoke jukwaani kwa miguu yake. Taa ibaki kwenye kamba inayoyumba. Mtu wa shamba amebaki na kilemba mikononi, hajui akitupe au akivae. Mpe muda mrefu kuliko unavyodhani ni salama, hesabu mpaka 20.

Ukiwa na viboko kwenye mchezo, pigisha gunia la makumbi nyuma ya pazia na uonyeshe mhesabuji tu. Wazee bado wana neno la adhabu ya Mdachi, hamsa wa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Likitamkwa, hesabu yenyewe inatosha kuumiza.

Saa, upepo, taa

Epuka masika, yaani Machi mpaka Mei, na Ramadhani, na siku za maulidi ya zawiya. Jua Bagamoyo huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima; anza baada ya Isha, saa mbili na nusu, ili adhana isikutane na mazungumzo yako. Kusi likivuma hubeba sauti, kwa hiyo wapange watazamaji upande upepo unakoelekea, waigizaji wawe upepo unakotoka. Jenereta likae mbali, nyuma ya ukuta, na weka taa mbili za betri kwa siku umeme na jenereta vikigoma pamoja.

Mazoezi yachukue wiki nane. Mbili za kwanza za kusoma mmekaa mkekani, bila kusimama. Wiki ya saba fanya onyesho la wazee waliokukaribisha barazani, mchana, bila maleba. Andika kila wanachosema. Mimi kwenye onyesho hilo niliondoa mandhari mbili na kurefusha moja.

Usiku wenyewe

Kabla ya kuanza, mtu mmoja mwenye heshima mjini aseme maneno mafupi: mchezo huu unahusu nini, una maneno makali, na ukiisha tutakaa tuzungumze. Watazamaji wakijua watapewa nafasi ya kusema, hawasimami katikati.

Mchezo ukiisha usiwashe muziki. Tandika mikeka mbele ya jukwaa, lete birika la kahawa na kashata, waigizaji wakae chini na watu wakiwa bado na maleba. Mwongozaji asijibu hoja, aulize tu, "Babu yako alisemaje?" Mara ya pili tulipocheza, kijana alimshambulia mwigizaji wa Abushiri kwa maneno, kisha bibi mmoja akamshambulia kijana, na ikawa saa tano na nusu usiku hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Mzee wa juya alikuwepo. Aliomba akione kile kilemba, akakifungua, akakikunja upya kwa namna ilivyokuwa ikikunjwa zamani, akamrudishia mwigizaji.

Asubuhi yake kusanyeni ndoo za mchanga, mmwage mchanga ufukweni ulikotoka, mhesabu viatu vya mandhari ya msikiti maana ni vya kuazima na kila jozi ina mwenyewe. Kamba ipelekwe ya kwanza, kabla maji hayajajaa. Nahodha anaihitaji.